Kabla Nyama Haijaiva

Desemba ikishaingia, stendi za mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hazikaliki. Viti hujaa wiki kadhaa kabla ya Krismasi, nauli huwa gumzo la kila mtu, na tangu treni ya abiria ya Dar–Moshi ilipofufuliwa Desemba 2019 watu wamepata foleni nyingine ya kupanga. Wachagga wanarudi nyumbani "kuhesabiwa", kama utani unaojulikana nchi nzima unavyodai. Wakishafika Marangu, Machame, Kibosho au Rombo, wanaohesabiwa hasa ni mbuzi: wa Krismasi, wa ubatizo, wa harusi ya binamu, wa Mwaka Mpya. Kenya nako mambo ni yale yale. Kuanzia Jamhuri, tarehe 12, familia za Nairobi huanza kufunga milango na kwenda ushago, yaani kijijini. Wanaobaki mjini huwasha majiko uani au kwenye roshani za ghorofa, majirani wapende wasipende.

Mazungumzo ya siku hizo hutawaliwa na moto na nyama. Nani fundi wa kuchoma, mbuzi atoke wapi, chumvi itiwe mwanzo au mwisho. Wanaume ambao mwaka mzima hawakushika mwiko hugeuka mabingwa. Lakini muulize mtu aliyetoka kwenye karamu ya namna hiyo kilichompendeza au kilichomchosha, na ni nadra aanze na nyama. Atataja jua lililomchoma utosini, moshi uliomfuata kila alipohamia, watoto waliolia njaa, bibi aliyesahauliwa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda. Au atasifu: tulifika tu, tukapewa supu, tukakaa kivulini, tukacheka. Karamu ya uani huamuliwa katika ule muda baina ya mgeni wa kwanza kuingia getini na nyama ya kwanza kufika mezani. Nyama yenyewe, mradi haikuungua, watu wataila.

Muda huo ni mrefu kuliko wenyeji wengi wanavyokubali. Mkaa unataka nusu saa au zaidi tangu kuwashwa mpaka miali iishe na vipande vyote vivae majivu ya kijivu. Nyama ikiwekwa kabla ya hapo hupata masizi nje na ubichi ndani. Mbavu na vipande vidogo huiva upesi, lakini mguu mzima wa mbuzi juu ya moto wa wastani unaweza kuchukua saa moja na nusu, na ndafu, yaani mbuzi mzima anayegeuzwa kwenye mti au chuma, hudai saa tatu hadi tano kulingana na ukubwa wake. Kwa hiyo mwenyeji aliyealika watu saa saba mchana na kuwasha mkaa saa saba kasoro robo ameshajifunga mwenyewe. Kitakachofuata ni ile ahadi maarufu ya wachomaji wote wa Afrika Mashariki, "dakika tano tu", ambayo haijawahi kumaanisha dakika tano.

Wazee walishalimaliza tatizo hilo zamani, kwa supu. Mbuzi akichinjwa, kichwa, miguu, utumbo na mifupa havisubiri moto wa kuchomea. Huenda sufuriani mapema, na mgeni akiketi tu hupewa kikombe cha moto, ndimu na pilipili pembeni. Uchaggani upo mtori, ndizi zilizopondwa na kuchanganywa na nyama mpaka zikawa nzito, na upo pia kisusio, supu inayotiwa damu ya mbuzi, ambayo wenyewe huipenda na wageni huinusa kwanza. Kenya, hasa Mlima Kenya na Nairobi, kazi hiyo hufanywa na supu pamoja na mutura, utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu na viungo, ukachemshwa kisha ukamaliziwa kwenye makaa. Mutura hukatwa vipande vidogo na kuliwa kwa mkono watu wakiwa wamesimama, jambo ambalo lina faida moja kubwa: huwasogeza karibu na moto wale wanaotaka kutoa ushauri, na kuwaacha wengine wapumzike.

Asiyekuwa na mbuzi mzima ana njia nyingine. Mihogo na ndizi mzuzu zikichomwa kandokando ya wavu, mahindi mabichi yakigeuzwa kwenye makaa ya kwanza, karanga kwenye bakuli, maembe ya Desemba yaliyochanjwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili: vyote hivyo huliwa kabla ya nyama na havimshibishi mtu. Kosa ni kuleta chapati na pilau mapema. Mgeni mwenye njaa hatajizuia, na nyama itakapofika itamkuta anatafuta pa kuegemea.

Baada ya tumbo huja mahali pa kukaa. Wenyeji wengi huanza kwa kuweka jiko, kisha hupanga viti mahali palipobaki. Mpangilio unaofaa ni wa kinyume: kwanza kivuli, kisha viti, na jiko la mwisho, upande ambao upepo hautaupeleka moshi kwa watu. Pwani jambo hili halihitaji kubahatisha. Kuanzia Desemba hadi karibu na Machi huvuma kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo katika uwanja wa Dar, Tanga au Mombasa jiko likae kusini-magharibi ya wageni. Ikifika Julai, wakati wa kusi, lihamishiwe upande wa kaskazini. Bara, ambako upepo hubadilikabadilika, njia rahisi ni kuwasha karatasi moja na kuangalia moshi wake unaelekea wapi kabla ya kumwaga mkaa.

Kivuli cha mwembe ni kizuri kuliko turubai lolote, isipokuwa embe zikiwa zimeiva. Turubai nalo lina ujanja wake. Likifungwa chini sana hukusanya joto, na wazee waliokaa katikati hupikwa kabla ya mbuzi. Ni vizuri lifungwe juu, upande mmoja uachwe wazi, na viti vya wazee viwe pembezoni karibu na hewa na karibu na njia ya kwenda msalani. Hilo la msala halisemwi kwenye mialiko, lakini mzee mwenye kisukari au mama mjamzito hulitazama kabla ya kitu kingine chochote. Viti vya plastiki visivyo na mikono havimfai mtu wa miaka 70. Kama ndani kuna makochi, mawili yakitolewa nje hayatapungukiwa na heshima.

Meza ya nyama choma si meza moja. Kuna ya kazi na kuna ya kula, na zikichanganywa fujo huanza. Ya kazi hukaa karibu na moto. Juu yake kuna ubao mnene wa kukatia, visu viwili vilivyonolewa asubuhi, koleo, chupa ya maji ya chumvi iliyotobolewa kifuniko, na sinia la nyama mbichi lenye kifuniko. Ile chupa ni silaha ya kila mchomaji wa Nairobi na Arusha. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, hunyunyiza kidogo. Moto hushuka, chumvi huingia, na nyama haikauki. Hapo ndipo tofauti ya mapishi pia hujitokeza. Kenya wengi hawataki kingine zaidi ya chumvi, na nyama iliyolazwa kwenye viungo huwatia shaka kuwa inaficha jambo. Tanzania tangawizi, kitunguu saumu na ndimu ni vya kawaida, na mishikaki ya pwani hulainishwa kwa papai bichi. Papai lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, kwa hiyo saa moja au mbili zinatosha. Likiachwa usiku kucha nyama huwa kama uji uliogandishwa na hudondoka kwenye kijiti kabla ya kugeuzwa.

Meza ya kula ndiyo inayopambwa, ingawa neno kupamba limewapoteza wengi. Maua marefu katikati ya meza ya nje huangushwa na upepo na huwazuia watu kuonana. Kitenge au khanga hufaa kuliko kitambaa cheupe cha ukumbini: rangi zake humeza mafuta na majivu, na kesho hufuliwa kikarudi kabatini. Kwenye kona nne, ndimu zilizofungwa kwenye ncha za kitambaa zinatosha kuzuia kaskazi. Juu ya mabakuli ya kachumbari na matunda hapawi na kitu bora kuliko kawa, ule mfuniko wa ukindu wenye umbo la pia ambao wanawake wa Pemba, Unguja na Lamu wamekuwa wakiusuka kwa rangi za zambarau, kijani na nyekundu. Unazuia nzi, unapitisha hewa, na unaipa meza sura ya sherehe bila gharama ya mpambaji. Bara, ungo uliogeuzwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Kisha vile vidogo vinavyosahaulika. Chumvi iwe kwenye visahani vingi, kimoja kwa kila watu wanne, maana nyama choma huchovywa chumvini kwa mkono, kipande kwa kipande, na kisahani kimoja kikizungushwa meza nzima hufika kwa mzee kikiwa matope. Pilipili mbuzi iliyopondwa ikae kwenye bakuli lake, mbali na mikono ya watoto. Vijiti vya meno, kwa sababu mbuzi ana nyuzi. Tishu nyingi kuliko unavyofikiri. Ndoo ya mifupa chini ya meza, yenye mfuniko, kama mbwa wa jirani wana tabia ya kujialika.

Na kachumbari. Hiki ni kitu kidogo kinachoonyesha kama mwenyeji alipanga au alibahatisha. Kitunguu hukatwa nyembamba sana, hutiwa chumvi, hufikichwa kwa vidole mpaka kilegee, kisha husuuzwa kwa maji mara mbili ili ule ukali uondoke na utamu ubaki. Nyanya huchaguliwa ngumu, na mbegu zake zenye maji hutolewa. Tango, pilipili, majani ya giligilani, yale ambayo Nairobi wanayaita dania. Ndimu na chumvi huingia dakika ya mwisho kabisa, nyama ikiwa tayari iko ubaoni, kwa sababu chumvi huvuta maji ya nyanya, na kachumbari iliyotiwa chumvi saa moja kabla huelea kwenye bwawa lake. Anayekata kachumbari asiwe ndiye anayechoma. Kazi zote mbili zinafika kileleni kwa wakati mmoja.

Kabla ya kula, mikono. Desturi ya kupitisha maji bado ina nguvu: kijana hushika jagi au birika mkono mmoja na beseni mkono wa pili, taulo begani, huanza na mgeni mkubwa au mzee kuliko wote, huinama kidogo, "Shikamoo, babu, karibu unawe", kisha huzunguka. Maji ya vuguvugu na kipande cha ndimu hukata mafuta kuliko sabuni nyingi za maji. Kwa watu zaidi ya 30 huduma hiyo huchelewesha, na hapo yale madumu yenye koki yaliyoingia majumbani wakati wa korona mwaka 2020 yamekuwa msaada: moja karibu na geti, moja karibu na meza. Hata hivyo wazee wapelekewe maji walipo. Kumwinua mtu mzima kwenda kunawa bombani pamoja na watoto ni jambo ambalo hatalisema, lakini atalikumbuka.

Hesabu ya nyama huwatia wenyeji homa. Mahali pa nyama choma Kenya watu wamezoea kuagiza kilo moja, pamoja na mifupa, kwa watu wawili au watatu, na kipimo hicho hufaa hata nyumbani. Mbuzi mwenye uzito wa kilo 25 akiwa hai hutoa karibu nusu yake baada ya kuchunwa na kutolewa matumbo, kilo 12 hivi, ambazo moto nao utazipunguza. Kwa wageni 30 pamoja na supu, ugali, ndizi na mukimo, mbuzi huyo mmoja anatosha. Kwa wageni 30 ambao hawakupewa kitu tangu saa saba, hawatoshi hata wawili.

Namna ya kuifikisha nyama kwa watu ndiyo inayotenganisha karamu na karamu. Mtindo wa kumbi za harusi, meza ndefu ya hotpot na foleni ya sahani, umehamia uani, na hauifai nyama choma hata kidogo. Nyama iliyotoka motoni ina dakika chache za utamu wake kamili. Ikilazwa kwenye hotpot hutoa jasho, ngozi iliyokauka vizuri hulainika, na mtu wa mwisho kwenye foleni hupata kitu kinachofanana na mchemsho. Mtindo wa zamani wa maeneo ya choma una akili zaidi: nyama hupumzishwa kidogo, huletwa nzima juu ya ubao mpaka pale watu walipokaa, na hukatwa mbele yao. Kila mtu anaona kinachokatwa, anayependa mfupa anasema, anayetaka iliyokauka anasema, na ubao huachwa katikati. Mbao ndogo tatu zikitoka kwa zamu, moja kila robo saa, huwafanya watu 20 wale moto kwa moto, ilhali sinia moja kubwa huwalisha nusu yao tu vizuri.

Mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ulijipatia jina duniani kwa kufuata mantiki hiyo hiyo. Wahudumu hutembea na nyama zilizochomekwa kwenye vyuma virefu na kukata moja kwa moja kwenye sahani ya mteja, na kila meza ina kibendera kidogo. Kikiwa kimesimama, nyama inaendelea kuja. Kikilazwa, wateja wameshiba. Nyumbani hakuna haja ya bendera, lakini mwenyeji anahitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama sahani tu. Shangazi mmoja mwenye macho makali anatosha.

Ndafu ina utaratibu wake, na hapo sherehe huwa sherehe hasa. Mbuzi huchunwa, hutolewa matumbo, hupakwa ndani na nje chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, hufungwa waya ili miguu isiachane, kisha hugeuzwa polepole mpaka awe na rangi ya dhahabu. Haletwi amelala. Husimamishwa kwenye sinia au meza ndogo, majani mabichi mdomoni, na huingizwa kwa nyimbo na vigelegele, mara nyingi akibebwa na watu wanaocheza. Kwenye harusi maharusi humkata na kulishana, ndiyo maana wengi humwita keki ya Wachagga. Desturi hii zamani ilikuwa ya mlimani. Leo ndafu huonekana kwenye harusi za Mwanza, Dodoma na Mbeya, kwa watu wasio na bibi wala babu Kilimanjaro. Kando yake huwepo mbege, pombe ya ndizi na ulezi, inayonywewa kwa kibuyu au kata. Na pakiwa na majani ya isale mahali hapo, mgeni ajue si mapambo ya bustani tu: kwa Wachagga ni jani la amani na la kuombea msamaha.

Kushangilia kukiisha, swali ni nani apewe nini. Mnyama mzima ni ramani ya familia, na wageni wa mjini huikanyaga bila kujua. Kwa Wakikuyu masikio huwaendea watoto. Katika nyumba nyingi za Waluhya, na hata pwani, firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa. Kijana anayeionjaonja kando ya moto "kuangalia kama imeiva" ameanzisha kesi. Mwenyeji anayealika makabila na koo tofauti hufanya vyema akimuuliza mzee mmoja wa kila upande kabla ya kisu kushuka. Swali lenyewe ni heshima tayari, hata kama jibu litakuwa "kata tu, mwanangu, tule".

Dini nayo haipuuzwi. Kuna mitaa mingi Tanzania na Kenya ambako familia ya Kikristo humwita jirani Mwislamu achinje, ili watu wote wale bila wasiwasi. Hilo ni jambo zuri, lakini halitoshi kama jiko moja litachoma pia kitimoto. Kutenga sahani peke yake ni kujidanganya: mafuta hudondoka kwenye wavu ule ule na koleo hugusa kote. Ama nguruwe asiwepo siku hiyo, ama awe na jiko lake, wavu wake, kisu chake na ubao wake, mbali kidogo, na watu waambiwe waziwazi. Vinywaji vitengwe hivyo hivyo: beseni la soda, maji na juisi ya ukwaju upande mmoja, bia upande mwingine, barafu kote. Wahindi wasiokula nyama kabisa, na siku hizi vijana kadhaa wa mjini, hufurahia mahindi, viazi vitamu na uyoga uliochomwa, mradi vilipata kona yao ya wavu tangu mwanzo.

Tatizo la kusubiri wengine wamelitatua kwa shimo. Oman, ambako maelfu ya familia zenye asili ya Zanzibar zinazungumza Kiswahili, siku za Idi huandaliwa shuwa: nyama hupakwa viungo vingi, hufungwa kwa majani, huwekwa kwenye vifuko vya makuti na kutumbukizwa kwenye shimo lenye makaa, ambalo mara nyingi ni la mtaa mzima. Shimo hufunikwa na kuachwa kwa siku moja au mbili. Hakuna anayegeuza, hakuna anayepepea. Mwenyeji anakaa na wageni wake, anakunywa kahawa na kula halua, na saa ya kufukua ikifika wote huenda pamoja. Sikukuu hiyo hiyo huwa na siku ya mishikaki, inayochomwa nje ya nyumba na kuwapa vijana kazi. Ukila Forodhani, Unguja, kisha ukala pembeni mwa barabara ya Muscat, huhitaji kuambiwa kwamba bahari iliyo katikati imevukwa mara nyingi.

Lubumbashi wana michopo yao ya mbuzi, Kigali na Bujumbura burosheti zenye ndizi pembeni, na wasafiri wa Kampala–Jinja hawapiti Namawojjolo bila mchomo wa kuku dirishani. Kote huko ni chakula cha kuliwa hapo hapo. Mtu akitaka kukipeleka nyumbani kwa wageni, bora anunue nyama mbichi na kumwalika mchomaji aje na wavu wake.

Kuna mambo machache ambayo hayana mjadala. Nyama iwe imekaguliwa. Machinjioni kuna mhuri. Anayechinja nyumbani amwite afisa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, ambayo watu huipata kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa, iliua watu zaidi ya 200 Kenya na Tanzania, na kwa miezi kadhaa majiko mengi ya choma yalibaki baridi. Kuku aive mpaka kwenye mfupa, nyuzijoto 74 kwa mwenye kipimo. Asiye nacho achome kisu kwenye paja aone kama maji yanayotoka hayana wekundu. Sinia lililobeba nyama mbichi lisibebe iliyoiva kabla ya kuoshwa, kosa linalofanyika kila Jumapili mbele ya macho ya watu wote. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na mchana wa joto la nyuzi zaidi ya 32, ambao Dar au Mombasa ni wa kawaida, saa moja. Na mvua za vuli zikinyesha ghafla, watu wakimbie waache jiko. Mkaa uliowaka ukiingizwa chumbani au gereji hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa wamekaa.

Mifuko ya plastiki ya kufungashia wageni haipo tena kwenye hesabu: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Tangu 5 Juni 2020 Kenya imezuia pia plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa, kwa hiyo anayepeleka karamu yake huko asibebe vikombe na sahani za kutupa. Wageni wanaosindikizwa hufungiwa nyama kwa foili, kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, au kwenye bakuli la mwenyeji, ambalo kwa desturi halitarudi tupu.

Kazi ya mwisho ni jiko. Majivu yanayoonekana yamekufa huficha makaa yenye moto kwa saa nyingi, na jioni ndipo watoto, wakiwa peku, huanza kucheza pale wakubwa walipokuwa wamesimama mchana. Maji yamwagwe taratibu, makaa yakorogwe kwa fimbo, yamwagwe tena, na yakishapoa yachekechwe: yaliyo mazima yakaushwe kwa ajili ya chai ya kesho, maana jamaa wa Rombo wamesema watapita asubuhi.